Maisha ya al-Khwarizmi: Mwalimu wa Aljebra



Mada ya milinganyo ya kipeo cha pili huwatisha wengi. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha nne kwa miaka kadhaa, na naona jambo lilelile kila mwaka. Mwanafunzi amekariri fomula vizuri usiku, asubuhi akiingia chumba cha mtihani alama moja ya kutoa inampotea, na swali zima linaharibika. Hana pa kushika kwa sababu hajui fomula ile ilitoka wapi. Kwa hiyo, kabla hujaanza mazoezi ya sura hii, soma kwanza maisha ya mtu aliyeipanga kanuni hii na kueleza sababu yake. Soma ukiwa na penseli na karatasi, kwa kuwa tutakokotoa maswali yake mwenyewe.

Kuzaliwa na asili yake

Jina lake ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780. Jina al-Khwarizmi linamhusisha na Khwarazm, nchi iliyokuwa kusini mwa Bahari ya Aral katika Asia ya Kati. Leo sehemu ya nchi hiyo iko Uzbekistan na sehemu nyingine iko Turkmenistan. Desturi ya kumwita mtu kwa mahali pa asili yake si ngeni kwetu. Hata katika pwani yetu wapo wanaoitwa Washirazi kwa kuhusishwa na mji wa Shiraz.

Maisha yake ya kazi aliyaishi Baghdad. Mji huo ulikuwa bado mpya, kwani khalifa al-Mansur aliuanzisha mwaka 762 kando ya mto Tigris. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja ulikuwa umekuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani. Wafanyabiashara walifika kutoka kila upande, na pamoja na bidhaa vilifika vitabu. Karatasi ilikwisha kuanza kutumika, hivyo kunakili kitabu kulikuwa rahisi kuliko zamani.

Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, alipenda sana elimu. Wakati wake wataalamu walikusanyika katika Baitul-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima. Walitafsiri kwa Kiarabu vitabu vya Wagiriki, vya Waajemi na vya Wahindi. Al-Khwarizmi alikuwa miongoni mwa wataalamu hao. Alitengeneza majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari akifuata elimu ya nyota ya Wahindi. Aliandika pia kitabu cha jiografia chenye orodha ya mahali 2,402 pamoja na latitudo na longitudo zake.

Aliandika vilevile kitabu kuhusu namba za Kihindi, akaeleza jinsi ya kuandika namba yoyote kwa tarakimu tisa na duara dogo la kuonesha nafasi iliyo tupu. Duara hilo Waarabu waliliita sifr, nasi tunaliita sifuri. Kila unapoandika 305 na kuweka sifuri katikati, unatumia elimu ambayo al-Khwarizmi aliisaidia kutoka India na kuenea upande wa magharibi.

Kitabu cha aljebra na sababu ya kuandikwa kwake

Kazi inayotuhusu zaidi ni kitabu alichokiandika wakati wa utawala wa al-Ma'mun, karibu na mwaka 820. Katika jina la kitabu hicho mna maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. Neno la kwanza ndilo lililokuja kuwa aljebra.

Huenda umewahi kuuliza, kama wanafunzi wangu wanavyoniuliza kila mwaka, aljebra inamsaidia nani. Al-Khwarizmi alijibu swali hilo mwanzoni mwa kitabu chake. Alisema anawaandikia watu mambo wanayoyahitaji katika mirathi, wasia, kugawana mali, kesi na biashara, na pia katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Karibu nusu ya kitabu chake inahusu wasia na mirathi tu.

Fikiria maana yake. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na watoto wawili wa kike. Katika sheria ya Kiislamu, mke mwenye watoto hupata sehemu moja ya nane. Mabaki hugawanywa kwa watoto, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Ikiwa mali ni shilingi 3,200,000, mke atapata 400,000. Zinabaki 2,800,000 za kugawanywa mafungu manne: mtoto wa kiume 1,400,000, na kila mtoto wa kike 700,000. Hapo hesabu ni nyepesi. Lakini marehemu akiwa ameacha deni, tena ameusia sehemu fulani kwa mtu mwingine, hesabu inakuwa nzito. Anayekosea hapo hapotezi alama za mtihani. Anamnyima mjane au yatima haki yake. Hicho ndicho kilichomfanya al-Khwarizmi atafute njia isiyotegemea kubahatisha.

Maneno aliyoyatumia

Katika kitabu chake hakuna herufi x. Hakuna alama ya kujumlisha wala alama ya sawa na. Alama ya sawa na ilikuja mwaka 1557, kwa kazi ya Robert Recorde wa Wales. Alama ya kipeuo, yaani √, ilichapishwa mwaka 1525 katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff. Al-Khwarizmi aliandika kila kitu kwa maneno, hata namba zenyewe.

Kitu kisichojulikana, ambacho wewe unakiita x, alikiita mzizi. Mzizi ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe, yaani x², aliuita mal. Ndiyo, ni neno lilelile tulilonalo katika Kiswahili: mali. Namba ya kawaida aliihesabu kwa dirhamu. Kwa hiyo x² + 10x = 39 kwake ilisomeka hivi: mali moja pamoja na mizizi kumi ni sawa na dirhamu thelathini na tisa. Karatasi yako ya mtihani wa hisabati itaandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiona swali limekuchanganya, lisome kwa maneno namna hii kabla ya kulikokotoa.

Zingatia: kipeo na kipeuo si neno moja. Kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7.

Al-jabr na al-muqabala

Al-jabr maana yake ni kurudisha kilichopungua. Chukua mfano wake mwenyewe. Gawa kumi katika sehemu mbili, ili sehemu moja ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe iwe mara nne ya zao la sehemu hizo mbili. Kwa alama zetu, sehemu moja ni x na nyingine ni 10 − x:

x² = 4x(10 − x)
x² = 40x − 4x²

Upande wa kulia umepungukiwa 4x². Urudishie, na uongeze kiasi hichohicho upande wa kushoto:

5x² = 40x
x² = 8x

Jibu lake ni 8, na sehemu nyingine ni 2. Hakiki: 8 × 8 = 64, na 4 × 8 × 2 = 64. Ni sawa.

Al-muqabala ni kulinganisha. Kama pande zote mbili zina vitu vya aina moja, unaviondoa kwa kiasi kinacholingana. Ukiwa na x² + 12 = 7x + 2, unaondoa 2 kila upande na kubaki na x² + 10 = 7x. Kwa hiyo ule usemi wa darasani kwamba namba ikivuka inabadili alama ni njia ya mkato tu. Ukweli ni kwamba hakuna namba inayovuka. Umeongeza au umetoa kitu kilekile pande zote mbili. Ukikumbuka hilo hutakosea alama.

Aina sita za milinganyo

Al-Khwarizmi hakuwa wa kwanza kukokotoa maswali ya namna hii. Wababeli, waliokaa nchi hiyohiyo ya mito miwili, waliyakokotoa kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Wahindi nao walikuwa na kanuni zao. Alichokifanya yeye ni kuipanga milinganyo yote ya kipeo cha pili katika aina sita na kuipa kila aina njia yake. Kwa alama zetu aina hizo ni:

1. ax² = bx
2. ax² = c
3. bx = c
4. ax² + bx = c
5. ax² + c = bx
6. bx + c = ax²

Wewe una aina moja tu, ax² + bx + c = 0, kwa sababu unaruhusiwa kutumia namba hasi na sifuri. Yeye hakukubali jibu hasi. Kwake x ilikuwa urefu wa upande au kiasi cha mali, na hakuna shamba lenye upande wa mita hasi 3.

Zingatia mtego wa aina ya kwanza. Kwa x² = 5x, yeye alitoa jibu moja, 5. Mtahiniwa anayegawanya kwa x pande zote naye atapata 5 tu na kupoteza alama. Andika x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0. Majibu ni x = 0 au x = 5.

Mraba uliokosa kona

Sasa tufike kwenye swali lake maarufu kuliko yote, x² + 10x = 39. Chora pamoja nami.

Chora mraba ambao kila upande ni x. Eneo lake ni x². Ile 10x igawe katika nusu mbili, 5x na 5x. Chora mstatili wa x kwa 5 upande wa kulia wa mraba, na mwingine wa x kwa 5 chini yake. Umbo lote sasa lina eneo x² + 10x, na tumeambiwa eneo hilo ni 39.

Angalia umbo hilo. Limekuwa karibu mraba mkubwa, ila limekosa kona moja. Kona hiyo ina pande 5 kwa 5, kwa hiyo eneo lake ni 25. Ijaze. Eneo jipya ni 39 + 25 = 64. Mraba wenye eneo 64 una upande wa 8. Upande huo ni x + 5. Basi x = 3.

Huko ndiko kukamilisha mraba. Kwa alama tunaandika hivi:

x² + 10x = 39
x² + 10x + 25 = 39 + 25
(x + 5)² = 64
x + 5 = 8 au x + 5 = −8
x = 3 au x = −13

Yeye aliishia 3. Wewe toa majibu yote mawili, isipokuwa swali linahusu urefu, umri au idadi ya watu. Hapo andika wazi kwamba umeliacha jibu hasi na ueleze sababu.

Tazama utaratibu alioufuata: gawa namba ya mizizi kwa mbili, izidishe nusu hiyo yenyewe kwa yenyewe, jumlisha na namba iliyotolewa, tafuta kipeuo cha pili, kisha toa ile nusu. Fomula unayoikariri, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, ni utaratibu huohuo ulioandikwa kwa herufi. Fomula ikikupotea chumbani, chora mraba, ukate mistatili, ujaze kona. Utafika.

Kutafuta vigawo kwa mstatili

Njia ya kuandika mlinganyo kama zao la mabano mawili lililo sawa na sifuri ilikuja kuenea baadaye sana Ulaya. Mmoja wa walioitumia ni Mwingereza Thomas Harriot, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Lakini michoro ya al-Khwarizmi inakusaidia kuielewa.

Chukua mtajo x² + 5x + 6. Una mraba wa x², mizizi mitano na namba 6. Unataka kuvipanga vyote viwe mstatili mmoja usio na pengo. Igawe mizizi mitano kuwa 2 na 3, si 1 na 4. Kwa nini? Kwa sababu kona inayobaki itakuwa 2 × 3 = 6, na 6 ndiyo uliyo nayo. Ungegawa 1 na 4, kona ingehitaji 4 tu, na 2 zingebaki nje. Kwa hiyo pande za mstatili ni x + 2 na x + 3:

x² + 5x + 6 = (x + 2)(x + 3)

Hiyo ndiyo sababu tunatafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 5 na zao lake ni 6. Kwa swali la 39, andika x² + 10x − 39 = 0. Tafuta namba mbili zenye jumla 10 na zao −39. Ni 13 na −3:

(x + 13)(x − 3) = 0
x = −13 au x = 3

Majibu ni yaleyale. Ukiwa na dakika mbili za ziada, kokotoa kwa njia moja na uhakiki kwa nyingine.

Al-Khwarizmi alieleza pia jinsi ya kuzidisha mabano. Alionesha kwamba (10 + x)(10 − x) ni 100 − x², kwa kuwa 10x iliyoongezwa na 10x iliyotolewa zinafutana. Hiyo ni tofauti ya vipeo viwili vya pili. Ukiona x² − 49, jua ni (x − 7)(x + 7).

Majibu mawili, jibu moja, au hakuna

Katika aina ya tano aligundua jambo la kuangalia kwa makini. Mfano wake ni x² + 21 = 10x. Nusu ya 10 ni 5. Zao la 5 kwa 5 ni 25. Toa 21, inabaki 4. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Sasa unaweza kutoa 2 kwenye 5 upate 3, au kuiongeza upate 7. Hakiki 3: 9 + 21 = 30, na 10 × 3 = 30. Hakiki 7: 49 + 21 = 70, na 10 × 7 = 70. Yote mawili ni sahihi, naye alisema hivyo.

Kisha akaonya. Kama ile 25 ingekuwa ndogo kuliko namba iliyotolewa, swali halina jibu. Kama zingelingana, jibu ni nusu yenyewe. Hilo ndilo jaribio lako la b² − 4ac. Kwa x² − 10x + 21 = 0 unapata 100 − 84 = 16, majibu mawili. Kwa x² − 10x + 25 = 0 unapata 100 − 100 = 0, jibu moja. Kwa x² − 10x + 26 = 0 unapata 100 − 104 = −4, na hapo hakuna namba halisi inayofaa.

Kurahisisha vipeuo vya pili

Katika kitabu hichohicho al-Khwarizmi alifundisha kuzidisha na kugawanya vipeuo. Ukitaka mara mbili ya kipeuo cha 9, usihangaike. Zidisha 2 kwa 2, kisha kwa 9, upate 36. Kipeuo cha 36 ni 6, na kweli 6 ni mara mbili ya 3. Ukitaka mara tatu, zidisha 3 kwa 3 kwanza. Ukitaka √9 × √4, zidisha 9 kwa 4 na utafute kipeuo cha 36. Ukitaka √9 ÷ √4, gawanya 9 kwa 4, upate 2¼, na kipeuo chake ni 1½.

Geuza kanuni hiyo nyuma mbele nawe utapata kurahisisha. Kama 2 iliingia ndani kwa kuzidishwa 2 × 2, basi ikitoka nje inaacha 4 ndani. Kwa √72, tafuta kipeo cha pili kikubwa kuliko vyote kinachogawa 72. Ni 36:

√72 = √(36 × 2) = 6√2

Ukikosa kukiona mara moja, vunja namba katika vigawo tasa: 72 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Kila jozi hutoa namba moja nje. Jozi ya 2 na jozi ya 3 zinatoa 2 × 3 = 6, na 2 iliyokosa mwenzake inabaki ndani.

Mfano wake mwingine unahusu √200. Alitoa √200 − 10 kutoka 20 − √200. Jibu ni 30 − 2√200, na kwa kanuni yake 2√200 ni √800. Wewe ungerahisisha zaidi: √200 = √(100 × 2) = 10√2, hivyo jibu ni 30 − 20√2.

Zingatia makosa matatu ninayokutana nayo mara kwa mara:

Kwanza, √50 si 25. Kutafuta kipeuo cha pili si kugawa kwa mbili. √50 = 5√2.

Pili, √(9 + 16) si 3 + 4. Jumlisha kwanza: √25 = 5. Kanuni ya kutenganisha ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Tatu, √2 + √3 si √5. Unajumlisha vipeuo vinavyofanana tu, kama 2√3 + 5√3 = 7√3.

Mada hizi mbili hukutana katika swali moja. Kwa x² + 6x = 3, jaza kona ya 9: (x + 3)² = 12. Basi x + 3 = ±√12 = ±2√3, na x = −3 ± 2√3. Hesabu za vipeuo visivyotoka sawasawa kama hivi ziliendelezwa sana na Abu Kamil wa Misri, aliyeishi baada ya al-Khwarizmi na kusoma kazi yake.

Kifo chake na yaliyobaki

Al-Khwarizmi alifariki karibu na mwaka 850. Mwaka 1145, Mwingereza Robert wa Chester alikitafsiri kitabu chake cha aljebra kwa Kilatini akiwa katika mji wa Segovia, Hispania. Baada yake Gerard wa Cremona naye alikitafsiri. Kitabu chake cha namba za Kihindi kilitafsiriwa pia, na jina lake likaandikwa Algoritmi kwa Kilatini. Kutokana na jina hilo tumepata neno algoritimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kufikia jibu. Kila programu ya kompyuta na ya simu hufanya kazi kwa algoritimu. Mwaka 1983 Muungano wa Kisovieti ulitoa stempu ya posta yenye picha yake, kuadhimisha miaka 1,200 ya kuzaliwa kwake.

Jambo la kubeba kuingia nalo chumbani

Angalia jinsi alivyofundisha. Kwanza alitoa kanuni. Pili alikokotoa mfano kwa namba. Tatu alichora umbo na kuonesha kwa nini kanuni ni ya kweli. Wengi wetu tunaishia hatua ya pili. Mtahiniwa anayeifikia hatua ya tatu hata akisahau anaweza kujikumbusha, kwa sababu umbo halisahauliki kirahisi kama fomula. Tena onesha kila hatua katika karatasi yako. Msahihishaji anayeona kona ya 25 imejazwa pande zote mbili atakupa alama za njia, hata kama mwishoni umekosea kujumlisha.

Maswali ya kujipima

1. Tafuta vigawo: (a) x² + 9x + 20 (b) x² − 64 (c) 2x² + 7x + 3.
2. Rahisisha: (a) √98 (b) √75 − √27 (c) √6 × √24.
3. Kokotoa kwa kukamilisha mraba: (a) x² + 8x = 33 (b) x² − 8x + 4 = 0. Kwa sehemu (a), chora umbo pia.
4. Bustani ya mstatili ina eneo la mita za mraba 96. Urefu unazidi upana kwa mita 4. Tafuta vipimo vyake, na ueleze kwa nini umeacha jibu moja.
5. Bila kukokotoa x, eleza kama x² + 30 = 10x ina jibu.

Majibu

1. (a) (x + 4)(x + 5) (b) (x − 8)(x + 8) (c) (2x + 1)(x + 3).
2. (a) 7√2 (b) 2√3 (c) 12.
3. (a) x = 3 au x = −11 (b) x = 4 ± 2√3.
4. Upana mita 8, urefu mita 12. Jibu x = −12 limeachwa kwa sababu upana hauwezi kuwa hasi.
5. Haina. Nusu ya 10 ni 5, na 25 ni ndogo kuliko 30.

Ukikosa swali la 3, usifungue ukurasa wa fomula. Rudi kwenye mraba uliokosa kona, uuchore tena, kisha ujaribu upya.